Ngoma ya kirangozi na mashine mbili za Tabora

Wiki iliyopita nilikuwa kwetu Tabora. Kabla sijatua begi, mpwa wangu alikuwa mlangoni. "Shikamoo mjomba." Marahaba. Akaingia moja kwa moja kwenye shida yake. Mama yake, yaani dada yangu, ameuza tumbaku kule Urambo na amempa fedha anunue mashine ya ngoma, ile ya umeme inayopiga midundo. Fundi mmoja wa studio anazo mbili na anauza moja tu. "Mjomba, wewe ni mtu wa redio. Nichukue ipi?"

Fedha ya tumbaku haiji mara mbili kwa mwaka. Sikujibu haraka.

Tulitembea chini ya miembe, nikamkumbusha kwamba mji huu ulichagua ngoma zake kabla umeme haujafika. Mwingereza Richard Burton alitoka pwani Juni 1857, akafika hapa Novemba, wakati huo pakiitwa Kaze, baada ya siku 134 njiani. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 anaeleza msafara ulivyopangwa: mbele kirangozi na bendera nyekundu, na karibu yake mtu wa ngoma ndogo, nyembamba kiunoni, pana juu na chini. Nyuma yao wapagazi, Wanyamwezi wengi, kila mbeba pembe na mzigo wake.

Kwa nini ngoma ndogo? Watemi wa Unyamwezi walikuwa na ngoma kubwa, lakini hizo zilikuwa alama ya enzi, kazi yake ilikuwa kwa mtemi. Ya njiani ilitakiwa iwe nyepesi, na mpigaji wake aone miguu ya watu. Mimi nadhani hilo ndilo kubwa. Mtu mwenye pembe begani hawezi kuifuata ngoma isiyomjali.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mpagazi akakosa kazi, na mpiga ngoma wa msafara naye akakosa. Treni haihitaji kuimbiwa. Lakini uimbaji wa kazi haukufa, uliendelea mashambani, katika vikundi vya kulima vya Wasukuma na Wanyamwezi. Baadaye mji ukapata dansi: Kiko Kids, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz ya Shem Karenga na "Dada Asha". Mimi nilizikuta kwenye redio ya baba. Kwenye dansi hizo mpiga tumba alikuwa anatazama sakafu ya ukumbi kama yule wa Burton alivyotazama njia.

Sasa mashine zenyewe. Ya kwanza ni ndogo, ya Kijapani, iliyotolewa mwaka 2017 kwa mfano wa Roland TR-808. Ile 808 yenyewe ilitoka mwaka 1980, ikauzwa Dola 1,195. Haina sauti ya ngoma yoyote ya kweli ndani yake. Kila mlio unatengenezwa na umeme wenyewe. Wengi waliicheka, na mwaka 1983 ilisimamishwa baada ya kutengenezwa kama 12,000. Zilizobaki ziliuzwa kwa bei ya kutupa, vijana maskini wa Marekani wakazinunua, na mdundo wake mzito wa chini ukaenea duniani. Nakiri kwamba huo mdundo naupenda kuliko vyote. Unaupanga kwa vitufe 16 vilivyopangwa mstari mmoja, mpigo baada ya mpigo.

Ya pili ni MPC iliyotumika, ukoo wa ile MPC60 ya mwaka 1988, aliyoibuni Mmarekani Roger Linn pamoja na kampuni ya Akai ya Japani. Linn ndiye aliyetoa LM-1 mwaka 1980, mashine iliyobeba sauti za ngoma za kweli zilizorekodiwa, kwa karibu Dola 5,000. MPC ina vibao 16 vya mpira, vinne kwa vinne. Unavipiga kwa vidole, ukikaza inapaza, ukilegeza inapunguza. Na unaweza kuipa sauti yoyote uliyorekodi mwenyewe.

Msikilizaji atauliza, kwa nini si kompyuta? Singeli ya Dar es Salaam imejengwa humo humo. Kweli, lakini mpwa wangu anataka kupiga mbele ya watu, wamwone mikono.

Fundi alituruhusu kuzijaribu, tukaenda na mzee mmoja wa Ng'ambo aliyepiga tumba ujana wake wote. Kwenye vitufe vya mstari alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza: "Katikati ya hiki na hiki, mimi nitapiga wapi?" Fundi akamweleza kwamba inaweza kupangwa kwa tatu tatu pia. Mzee akasema sawa, ila hakuigusa tena.

Kwenye vibao vya mpira alipiga kama dakika moja, akicheka. Fundi akairudisha tusikilize. Mzee akakunja uso. "Huyu si mimi." Kumbe mashine ilikuwa imewashwa ile kazi yake ya kunyoosha, inayosogeza kila pigo mahali inapoona panastahili. Kazi hiyo pia aliileta Linn. Fundi akaizima, mzee akapiga upya, na safari hii kilichorudi kilikuwa yeye, pamoja na kile kichelewa chake kidogo cha mkono wa kushoto.

Hakuna hata moja kati ya hizo itakayopunguza mwendo yenyewe wachezaji wakichoka. Nilimwambia mpwa wangu hivyo, nikamwambia na mdundo wa chini ninaoupenda ataukosa kwa muda.

Alinunua MPC. Sauti ya kwanza aliyoiweka ndani ni tumba la yule mzee, lililorekodiwa uani kwake asubuhi. Jogoo anasikika kwenye kibao cha tatu, na kijana amekataa kumtoa.