Mashua Iliyokataliwa na Mto

Kijiji cha Kageye, wilayani Magu, kiko ukingoni mwa ziwa letu. Mwaka 1875 Stanley alifika hapo akiwa na mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani. Barua yake kuhusu Kabaka Mutesa iliposomwa Uingereza, chama cha Church Missionary Society kikaamua kutuma wamisionari. Nao wakaja na mashua yao, Daisy.

Mpango wao wa kwanza ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Kwa nini watu wateseke kubeba mizigo, kama mto unaweza kuibeba? Basi mwaka 1876 Luteni Shergold Smith, aliyekuwa mwanamaji, na Alexander Mackay, fundi mitambo kutoka Uskoti, waliiingiza Daisy katika mlango wa Mto Wami, karibu na Saadani. Lakini mto ule hujipinda kama nyoka. Unasafiri siku nzima, na jioni bado hujaenda mbali na bahari. Wakajaribu pia Kingani, yaani Ruvu. Nako njia haikupatikana.

Ndugu msomaji, hapo ndipo wengi wetu tungesema, "Mungu amekataa." Wao walisema mto umekataa, wakaifungua mashua, wakaigawa vipande. Wapagazi wakaitwika vichwani na mabegani, wakavuka Ugogo na Usukuma kwa miguu. Majina ya viongozi tunayo vitabuni. Ya wapagazi wengi hatunayo. Lakini bila shingo zao Daisy isingeonja maji ya ziwa.

Kageye palikuwa na gharama nyingine. Daktari wa msafara, John Smith, alifariki na kuzikwa hapo mwezi Mei 1877. Mwezi uliofuata Daisy ilipandisha tanga na kuwafikisha Luteni Smith na Kasisi C. T. Wilson Uganda. Smith alirudi kusini kumfuata mwenzake O'Neill. Desemba mwaka huo wote wawili waliuawa Ukerewe. Mtemi Lukonge aligombana na mfanyabiashara Songoro, naye Songoro akakimbilia kwao. Hawakukubali kumtoa.

Mackay, aliyekuwa amebaki nyuma kwa ugonjwa na kisha kutengeneza barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, alifika Kageye Juni 1878. Akaikuta Daisy imekauka juani na mbao zimeachana. Akaanza kuziba nyufa. Lakini kabla ya kwenda Uganda, alifanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko safari yote: alikwenda Ukerewe bila silaha, akaketi na Lukonge, wakafanya amani. Hakwenda kulipiza kisasi. Angeweza kupita mbali, maana ziwa ni pana. Alichagua kupitia pale palipouma.

Baada ya hapo yeye na Wilson wakatweka tanga. Dhoruba ikawashika pwani ya magharibi ya ziwa, ikaivunja mashua. Mackay akaondoa sehemu ya katikati, akaunganisha omo na tezi, na mbao zilizobaki akazifanya viraka. Daisy ikawa fupi, lakini ikaelea. Novemba 1878 wakafika Uganda.

Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1879, Padre Lourdel na Bruda Amans walivuka ziwa hilo hilo kwa mtumbwi kutoka upande wetu wa kusini. Madhehebu mawili, maji mamoja. Na ushindani wao baadaye ulileta machungu ambayo hatupaswi kuyasahau.

Mackay alifariki Usambiro, kusini mwa ziwa, Februari 1890. Hata hapo alikuwa akishughulika na kuunda chombo kingine.

Mtume Paulo naye alivunjikiwa meli Malta, na watu wakafika nchi kavu, wengine juu ya mbao na vipande vya chombo. Habari hiyo iko Matendo 27. Sisi tunaomba mto ulionyooka: kazi, ndoa, huduma isiyo na kona. Mto unapokataa, tunaiacha mashua mlangoni na kurudi nyumbani. Kageye inatuuliza swali gumu zaidi: je, tuko tayari kuibeba vipande vipande, na njiani kuketi na yule aliyetuumiza?