Miungu ni Mingapi?

Huenda, msomaji, umepita mbele ya hekalu la Wahindu, ukaona sanamu nyingi, ukahukumu ya kuwa hawamjui Mungu mmoja. Usifanye haraka. Brihadaranyaka Upanishadi, iliyotungwa Bara Hindi yapata miaka 600 au 700 kabla ya Kristo, yasimulia jinsi Shakalya alivyomhoji mwalimu Yajnavalkya barazani kwa mfalme Janaka: miungu ni mingapi? Akajibiwa, 3,306. Akarudia kuuliza, ikawa 33, kisha 6, kisha 3, kisha 2, kisha mmoja na nusu (hesabu ya ajabu!), hata mmoja tu: pumzi ya uhai, ndiyo Brahman. Yale maelfu, alieleza, ni nguvu tu za wale 33. Shakalya hakutosheka. Mwishowe akaulizwa yeye, asijue la kujibu. Na kichwa chake, chasema kitabu, kikaanguka.