Mtu Mwenye Karatasi Mkononi

Mwaka 1650, mjini Roma, mchoraji wa Kihispania Diego Velázquez alimchora mtumwa wake, Juan de Pareja. Mwezi Machi picha hiyo ilitundikwa hadharani katika Pantheon, nayo ikastaajabiwa. Hati ya kumwacha huru haikuandikwa mpaka tarehe 23 Novemba, tena kwa masharti: atumike miaka 4 zaidi, asitoroke wala asitende jinai. Uso ulikwisha kusifiwa; mwenye uso angali mali ya mtu.

Pareja naye alikuwa mchoraji. Hapo ndipo penye uzito wa kazi iliyowakabili watayarishaji wa maonyesho yake katika Makumbusho ya Metropolitan, New York, mwaka 2023. Picha ile ya Velázquez, iliyouzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 5, ilikuwa mali ya makumbusho hayo tangu 1971. Haitimii mita 1 kwa urefu, lakini itundike popote, itaumeza ukumbi. Ikitangulia, kazi za Pareja huwa mkia wake. Ikiwa ya mwisho, huwa taji la bwana. Sisi watunzi twalijua hili: beti zilezile, zikipangwa vingine, husema mengine.

Wakaizungushia mambo. Miongoni mwa vitu 40 hivi mlikuwamo sanamu za mti, vyombo vya fedha na vya udongo, ili mtazamaji atambue kwamba karakana za Hispania ya zama zile zilitegemea mikono ya watumwa wengi. Wakamwingiza pia Arturo Schomburg, mtafiti mzaliwa wa Puerto Rico, aliyekwenda Hispania miaka ya 1920 kuitafuta kazi ya Pareja. Kwangu huo ndio uamuzi bora: mtazamaji aliongozwa na mtu aliyemtafuta Pareja, si na aliyemmiliki.

Ndipo ukafika kwenye turubai lake la 1661, mwaka mmoja baada ya kufa Velázquez: Kuitwa kwa Mtakatifu Mathayo, lenye upana wa zaidi ya mita 3. Mathayo na Kristo wana mambo yao. Ukingoni kabisa, upande wa kushoto, amesimama mtu anayetutazama sisi. Mimi mfasiri, niliyezoea jina langu kuchapwa kwa herufi ndogo, ukingo ule naujua. Ni Pareja, amejichora mwenyewe, ameshika karatasi, na karatasini ameandika jina lake.