Unyevu wa Bukavu na nyumba zilizoukabili

Mwaka 1902, mhandisi kijana Willis Carrier alibuni mtambo kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York. Huo ndio mwanzo wa kiyoyozi cha kisasa, ila haukuundwa ili watu wapate ubaridi. Hewa yenye unyevu ilikuwa ikivimbisha karatasi, rangi zikapishana, na mwenye kiwanda alitaka hewa isiyobadilika-badilika. Mwaka mmoja nyuma, Wabelgiji walikuwa wameweka kituo chao kusini mwa Ziwa Kivu, pale palipokuja kuwa mji wa Bukavu. Viyoyozi havikushika mizizi hapa, lakini adui aliyemshughulisha Carrier ndiye huyo huyo aliyezisumbua nyumba za Bukavu tangu mwanzo.

Mji umekaa kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, na wastani wa joto lake ni nyuzi 20 hivi mwaka mzima. Mvua huanza Septemba na haiachi kweli mpaka Mei. Mgeni akisikia hivyo husema hii ni hali ya hewa ya peponi. Mwenyeji anayeamka alfajiri na kukuta blanketi limelowa anajua upande wa pili.

Bashi, wenyeji wa milima hii, walikuwa na jibu lao. Nyumba yao ya zamani ilikuwa ya mviringo, paa lake la majani likishuka karibu na ardhi, na moto ukiwaka ndani. Majani yale mazito yalizuia joto lisitoroke usiku na jua lisipenye mchana. Moshi ulipita polepole katikati ya majani, ukayakausha na kufukuza wadudu. Gharama yake ililipwa na macho na mapafu, hasa ya akina mama na watoto, wala hatupaswi kuisahau tunapoisifu nyumba hiyo. Lakini kwa habari ya joto na unyevu, sijaona nyumba ya bei nafuu iliyoishinda.

Walowezi walikuja na njia nyingine. Mwaka 1927 mji ukapewa jina la Costermansville, na kwenye rasi zinazoingia ziwani, Muhumba na La Botte, zikajengwa nyumba za matofali zenye baraza pana, dari na mahali pa kuwasha kuni penye bomba la kutolea moshi. Ziwa lenyewe liliwasaidia: maji ya juu ya Kivu hukaa karibu nyuzi 24 mwaka mzima, hivyo pwani haipoi sana usiku kama huko juu vilimani. Mahali penye nafuu zaidi walijitengea wao.

Waafrika walipelekwa Kadutu, na baadaye Bagira, ambako katika miaka ya 1950 Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyoundwa mwaka 1952, ilijenga nyumba za kudumu kwa safu. Zilikuwa ndogo, lakini zilikuwa na kuta nzito.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma. Vita vya miaka ya 1990 na baada yake vilisukuma watu wengi kutoka vijijini, na vilima vya Kadutu vikajaa nyumba za mbao zilizoezekwa mabati. Bati ni jembamba. Saa sita mchana hupika chumba. Usiku, mbingu ikiwa wazi, hupoteza joto lake haraka kuliko hewa iliyo chini yake. Familia ya watu saba ikilala imefunga kila tundu, pumzi zao hujaza hewa mvuke. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kutoa maji ikigusa kitu chenye nyuzi 17 hivi, na bati la usiku hufika hapo kwa urahisi. Ndipo matone yanaanguka ingawa mvua hainyeshi, nguo zinaota ukungu, na watoto wanakohoa.

Umeme ungeweza kusaidia. Bwawa la Ruzizi la kwanza lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, la pili likafunguliwa mwaka 1989 kwa ajili ya Kongo, Rwanda na Burundi. Hata hivyo, umeme hauutoshi mji uliokua hivi. Kwa hiyo joto la nyumba nyingi hutoka kwenye mbabula, yaani jiko la makaa, na makaa hayo yamekula misitu, hata ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Mbabula hutoa pia kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini.

Kwa hiyo nawaomba wenye nyumba na wapangishaji: kabla ya kuwaza mashine yoyote, wekeni dari chini ya bati, hata ya mikeka au tripleksi, na muache nafasi ya hewa kupita kati yake na bati. Toboeni matundu mawili ya hewa, moja chini na jingine juu ya ukuta wa pili. Anikeni nguo nje, pikieni nje au penye upenyo. Na usiku wa baridi, toeni mbabula nje kabla hamjalala, hata kama kaa moja tu ndilo bado jekundu.