Kioo cha Mbele cha Guka

Tangu nikiwa mtoto, Volkswagen Beetle iliyoegeshwa nyuma ya nyumba ya guka ilikuwa ya 1962. Ilikuwa lazima iwe ya 1962. Huo ndio mwaka Tommy Fjastad alishinda Safari Rally kwa Beetle, na guka, karani mdogo tu, akanunua yake kabla bendera ya mkoloni haijashushwa. Karatasi za gari zilipotea zamani, kwa hivyo tulibaki na hadithi.

Nilipoacha chuo, na makala zikawa hazilipi kila mwezi, guka alinipa kazi. Kioo cha mbele kilikuwa na ufa, na raba yake ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama kuni. Maji yalipita hapo hadi sakafuni, kutu ikala ikashiba.

Nikashuka Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan, nikaomba kioo cha Beetle ya 1962. Nikapewa. Kufika nyumbani, kikawa kidogo kuliko tundu lake. Nikasema basi, nimeuziwa takataka.

Kumbe muuzaji alinipa nilichoomba. Watu husema Beetle haikubadilika, lakini ukitaka kujua umri wake, angalia vioo. Hadi mapema 1953 dirisha la nyuma lilikuwa vipande viwili. Likaja la umbo la yai, halafu kuanzia Agosti 1957 likawa pana, la mstatili. Agosti 1964 kiwanda kikapanua madirisha yote, na kioo cha mbele, ambacho kilikuwa bapa kabisa, kikapinda kidogo. Tundu la gari la guka ni lile kubwa. Hilo gari halikuwepo 1962. Wakati Kenya inapata uhuru, halikuwa limeundwa bado.

Nilibadilisha kioo bila kumwambia guka. Fundi wa mtaani akanionyesha kazi. Kwanza ukwangue kutu kwenye ukingo wa bodi, upake rangi. Raba unaivisha kioo kikiwa mezani, na ule utepe unaong'aa unauingiza hapo hapo. Ukiusahau utajuta, na mimi niliusahau, tukaanza upya. Kisha unazungusha kamba ndani ya mfereji wa raba, ncha zake zikapishane chini katikati, unapaka maji ya sabuni. Mmoja anasukuma kioo kutoka nje kwa viganja, mwingine yuko ndani anavuta kamba polepole, na mdomo wa raba unapanda juu ya bodi inchi kwa inchi. Ukivuta kwa hasira, kioo kinapasuka na pesa imeenda.

Guka ndiye alitaka kuvuta kamba. Zaidi ya miaka themanini, amekaa kwenye kiti cha dereva, mimi nje nasukuma. Tulikuwa tumebakisha kona moja nikashindwa kunyamaza.

"Guka, hii gari si ya sixty-two. Kioo kinasema ni ya sixty-four kuendelea."

Hakuacha kuvuta. Kona ikaingia, ikatoa mlio mdogo.

"Ya sixty-two niliuza," akasema. "Shosho yako alikuwa hospitali. Hii ni ya pili."

Hiyo sehemu hakuna mtu nyumbani aliwahi kuisikia. Nikachukua mpira wa maji, nikamwagia kioo dakika kumi, yeye akiwa ndani anapapasa raba kwa vidole akitafuta unyevu.