Macintosh II: Kompyuta Iliyoundwa Bila Mdosi Kujua

Umewahi kupeleka laptop kwa fundi akuongezee RAM, anaangalia ndani anakuambia "hii imepigwa solda kwa bodi, tafuta ingine"? Basi hii stori ni yako. Hiyo vita ya nani anaruhusiwa kufungua mashini haijaanza jana.

Rudi 1984. Apple wametoa Macintosh ya kwanza: kadude kadogo, skrini nyeusi na nyeupe, RAM kilobaiti 128, na hakuna pahali pa kuchomeka kadi yoyote. Hata skrubu zake zilitaka bisibisi ndefu ya aina yake, ile msee wa kawaida hana. Steve Jobs, mdosi wa hiyo idara, alitaka iwe hivyo. Kwake, nafasi za kadi zilikuwa za kumchanganya mnunuzi. Na rangi je? Za nini, na printa za watu hazitoi rangi? Chenye unaona kwa skrini ndicho kitoke kwa karatasi. Si hoja ya kijinga, tuseme ukweli. Lakini wasee waliotaka kufanya kazi nzito na hiyo mashini walikuwa wamebanwa.

1985, mainjinia wawili wa hapo ndani, Michael Dhuey na Brian Berkeley, wakaanza kuunda Mac kubwa, ya kufunguka, yenye rangi. Jobs hakuambiwa. Jina la kificho lilikuwa Milwaukee, mji wa nyumbani kwa Dhuey. Hebu fikiria: mdosi wako ni Jobs, amekataa kitu, na we ndo unakiunda chini ya maji. Manze, hao walikuwa na roho.

Septemba mwaka huo Jobs akatoka Apple baada ya kuvutana na wakubwa wenzake, na mradi ukatoka mafichoni. Jean-Louis Gassée, Mfaransa aliyesimamia bidhaa, aliikubali hiyo form hadi namba pleti ya gari lake ikasoma OPEN MAC.

Ikazinduliwa 2 Machi 1987, Los Angeles. Sanduku pana la kulala juu ya meza, skrini inakaa kando. Prosesa ni Motorola 68020 ya megaherzi 16, na pembeni chipu ya 68881 ya hesabu ngumu. RAM ilianzia megabaiti 1. Usicheke, picha moja ya simu yako haitoshei hapo.

Utamu wenyewe uko chini ya kifuniko: nafasi 6 za kadi, aina ya NuBus. Kwa kompyuta za IBM za siku hizo, ukiongeza kadi ungeweza kukesha ukigeuza viswichi vidogo ndo zisigongane. Hapa unachomeka, mashini inaitambua yenyewe. Weka kadi za picha 6, unganisha skrini 6, kisha uburute dirisha kutoka skrini moja hadi ingine. Hiyo ni 1987! Kadi ya picha ikiwa na memori ya kutosha, ilikupa rangi 256 kwa mpigo, ukizichagua kati ya zaidi ya milioni 16.

Bei sasa. Mashini tupu ilikuwa kama dola 3,900, na ukitaka yenye hard disk ya megabaiti 40, karibu 5,500. Skrini unajinunulia. Kadi ya picha pia. Hata kibodi! Hii haikuwa ya mtoto wa shule.

Mmoja wa walionunua ni John Knoll, msee wa effects pale Industrial Light & Magic, wale wa Star Wars. Ndugu yake Thomas, mwanafunzi wa PhD huko Michigan, alikuwa ameandika kaprogramu kanaitwa Display kwa Mac ya nyeusi na nyeupe. John akamsukuma akaandike upya kafanye rangi. Display ikakua, ikaitwa Photoshop, ikatoka 1990 kwa Mac pekee. So yule dizaina anakuchapia poster ya gig anakula kwa kitu ambacho mdosi alikuwa amekataa.

Mwaka huohuo wa 1990 Macintosh II ikaachwa kuundwa, ndugu zake wadogo wakiwa wameipita. IIfx ilikuwa inakimbia megaherzi 40.

Dhuey naye alibaki Apple. Jobs aliporudi, huyohuyo jamaa akawa kati ya wale waliounda vyuma vya iPod ya kwanza, ya 2001. Kifaa kilichofungwa kabisa, hata betri huwezi kujibadilishia.

Na betri, kumbe, ndiyo inaua Macintosh II zilizobaki. Inawashwa kwa kitufe cha kibodi, na kitufe hicho kinategemea betri mbili ndogo zilizo ndani. Zikiisha, unabonyeza hadi kesho, kimya. Mashini nzima inafunguka, nafasi 6 wazi, lakini hizo betri zimepigwa solda kwa bodi.