Sauti ya Valvu Kwenye Simu: Usiuziwe Jina

Wasee wa kutengeneza biti kwa simu, kabla hujalipia programu iliyoandikwa "sauti ya valvu", skiza historia kidogo.

Valvu ni vile vichupa vya kioo vilivyokuwa vinawaka ndani ya redio za zamani. Kinanda kilichozibeba kwa fujo ni Novachord ya kampuni ya Hammond, Marekani, mwaka wa 1939. Vitufe 72, na ungevibonyeza vyote pamoja vyote vingelia! Ndani kulikuwa na valvu zaidi ya 100. Hicho si kitu cha kubeba kwa matatu. Kilifika 1942, vita vimepamba moto, utengenezaji ukasimama.

Robert Moog alikuja baadaye, 1964, na yeye alitumia transista. Minimoog ya 1970, ile inayoigwa na programu kibao, haikutegemea valvu kutoa sauti yake. Kwa hivyo ukiona "valvu" na picha ya Moog kando yake, hapo unauziwa jina tu.

Mimi naona tutafute tabia ya valvu yenyewe. Ukiisukuma kwa nguvu, haikati kilele cha wimbi ghafla, inakilaza polepole. Ule ujoto hutoka hapo. Kwenye simu, chukua sinthesaiza yoyote ya bure, chagua wimbi la msumeno, chuja sauti za juu, acha noti ipande taratibu na itikisike kidogo. Mwisho weka distoshoni, lakini kiasi cha chumvi. Ikizidi, noti ukizipiga pamoja zinageuka uji.